Tawi la Mlezi Mkuu

Ipo nchi moja ambayo wewe msomaji hujawahi kufika, na kama umewahi kufika, basi kaa kimya kama sisi tulivyokaa. Nchi hiyo inapenda miti kuliko nchi zote. Kiongozi akizuru mahali, hata kama amekuja kuzindua choo, lazima apande mti. Shimo huwa limechimbwa tayari, udongo umechekechwa, jembe limefungwa utepe, na pembeni husimama mwanamke aliyeshika birika la maji na taulo jeupe ili kiongozi anawe mikono ambayo haikuchafuka. Watu hupiga makofi. Kiongozi huondoka, mche hubaki.

Zamani jambo hili halikuwa na tabu, maana miche mingi ilikufa kwa kiu kabla makofi hayajasahaulika. Kisha baraza la nchi likatunga sheria kwamba mti uliopandwa na kiongozi utakuwa na cheo cha aliyeupanda, na utapandishwa cheo pamoja naye. Haikuonekana adabu kiongozi apae halafu mti wake ubaki mti tu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mkaratusi wa Mtaa wa Kisimani. Ulipandwa na Mkuu wa Wilaya siku aliyokuja kufungua kisima, na ulipandwa ubavuni mwa kisima chenyewe ili picha ipendeze. Mkaratusi ukakua haraka, ukakinywa kisima chote, na wanawake wa Kisimani wakaanza kufuata maji mtaa wa pili. Hata hivyo waliuzoea. Walifunga mbuzi kwenye shina na kuanika kanga kwenye matawi ya chini. Mkuu wa Wilaya alipokuwa Waziri, mbuzi waliondolewa. Waziri alipokuwa Mlezi Mkuu wa Taifa, mti uliapishwa. Jani lake moja liliwekwa juu ya kitabu kitakatifu, upepo ukalitikisa, na jaji akatamka kwamba mti umekubali. Tangu siku hiyo ukapewa askari wa kuulinda, bendera, na Katibu mwenye ofisi na gari.

Nyumba iliyokuwa karibu zaidi na mti huo ilikuwa ya Siwatu, muuza vitumbua. Ilikuwa na chumba kimoja na jiko la nje. Chumbani alilala mumewe, Kibwana, aliyekuwa fundi cherehani hodari mpaka kiharusi kilipomchukua upande wa kulia, kikamwachia wa kushoto na ulimi. Siwatu alikiweka kitanda chake karibu na dirisha ili awatanie wapita njia, kwani hiyo ndiyo kazi pekee iliyobaki mikononi mwake, kama alivyosema mwenyewe.

Juu ya paa, sawasawa na kitanda, lilipita tawi nene kama kiwiliwili cha ng'ombe. Upepo ukivuma kidogo tawi lilijisugua kwenye mabati kwa sauti ya kisu kinachonolewa. Siwatu aliizoea sauti hiyo. Lakini asubuhi moja, akichota unga, alisikia mlio mwingine, mfupi na mkavu. Akatoka na kuangalia juu. Pale tawi lilipoungana na shina palikuwa na ufa, na ufa ulikuwa unatoa machozi mekundu.

"Kibwana, umesikia?"

"Nimesikia," alijibu mumewe. "Mlezi ananong'ona. Bado sijashika anasema nini."

Siwatu hakucheka. Alifunika unga, akajitanda kanga, akaenda kumtafuta mtu wa kukata miti.

Mtu mwenyewe aliitwa Chogo, na kibao chake kilisomeka CHOGO NA WENZAKE: TUNAPOGOA, TUNAKATA, TUNANG'OA HATA VISIKI. Wenzake walikuwa ngazi moja, msumeno mmoja na kamba ya katani.

"Tawi kama hilo, bi mkubwa, nalishusha kama unavyomshusha mtoto mgongoni," alijisifu wakiwa njiani. "Nalifunga kamba kwanza, nalipunguza kipande kipande. Mumeo atajua limeondoka kwa kuona jua tu."

Walipokata kona, Chogo akaiona bendera. Akamwona na askari. Aliuchomeka msumeno chini ya shati, ukamchoma tumbo, akauvumilia.

"Mbona hukuniambia ni huu?"

"Nimekwambia mti. Kwani huu si mti?"

"Huu si mti, bi mkubwa. Hii ni serikali imesimama wima. Leta kibali nitapanda. Bila kibali, nikifika kule juu sitashuka kwa ngazi."

Siwatu akaenda kwa Katibu wa Mti. Huyu alikuwa Bwana Pantaleo, mtu mwembamba mwenye jani la dhahabu kwenye kola ya koti. Siwatu alivua kandambili mlangoni bila kuambiwa, na Bwana Pantaleo akaridhika bila kusema.

"Mheshimiwa Katibu, lile tawi linainamia nyumba yangu."

"Sahihisha kauli, mama. Mlezi Mkuu hainami. Linawaelekea wananchi."

"Limepata ufa, Mheshimiwa."

"Hilo ni tabasamu."

Siwatu hakuwa mwanamke wa kubishana, na mbele ya meza kubwa sauti yake ilipungua kama moto wa makumbi ya nazi. "Basi naomba fundi alipunguze tabasamu kidogo," alisema. "Mume wangu amelala chini yake, na hawezi kuinuka."

Bwana Pantaleo alisimama. Alipenda kusimama wakati wa kukataa.

"Mama, hebu tafakari. Watu wangapi katika taifa hili wangetamani kulala chini ya kivuli cha Mlezi Mkuu? Mabalozi wanaomba, hawapati. Mumeo amepata akiwa amelala tu, hata hakutoka kitandani kwenda kukitafuta! Halafu wewe unakuja na msumeno. Kumkata Mlezi Mkuu mkono, ndicho unachoniomba?"

"Hapana, Mheshimiwa. Tawi."

"Kisheria ni mkono," alisema Bwana Pantaleo kwa huruma, akamwonyesha mlango.

Jioni hiyo Siwatu alimwita jirani yake, Mama Chaku, mwanamke mnene mwenye mdomo usiofungwa, ambaye alilea mjukuu mchanga katika nyumba ya ng'ambo ya uchochoro. Wakakibeba kitanda na Kibwana juu yake hadi jikoni.

"Taratibu jamani, nabebwa kama bwana harusi," alisema Kibwana.

"Bwana harusi gani mkono mmoja!" Mama Chaku alimjibu. "Nyamaza, usije ukatuchekesha tukakuangusha."

Kibwana alilala usiku ule kati ya magunzi na masufuria, akiwa na furaha sana. Kulipokucha, askari wa mti alikuta chumba kitupu, akapuliza filimbi. Bwana Pantaleo akaja na gari.

"Kuhamisha kitanda," alieleza mbele ya majirani, "ni kutangaza hadharani kwamba mti unaweza kuanguka. Mti kuanguka ni sawa na serikali kuanguka. Kwa hiyo kitanda hiki ni mchochezi. Kirudi."

Kikarudi. Askari alichora duara la chaki kuzunguka kila mguu wa kitanda, na tangu hapo alikuja kila asubuhi kuhakikisha kwamba miguu imo ndani ya maduara. Bwana Pantaleo, ambaye hakupenda kitu kipotee bure, akamtangaza Kibwana kuwa Mwananchi wa Mfano. Wageni wakaanza kuletwa kumtazama mgonjwa alivyolala bila woga. Siku moja akaja mwandishi wa gazeti la serikali.

"Mzee, ukilala hapa na kutazama juu, unaona nini?"

"Naona kesho yangu," alisema Kibwana.

Gazeti likaandika: MZEE AIONA KESHO. Bwana Pantaleo alilikata na kulibandika ofisini.

Upepo wa kusi ulipoanza, sauti ya kisu ikazidi. Wataalamu wa serikali walitumwa kuichunguza. Walivaa kofia ngumu, wakasimama mbali, wakatazama kwa darubini, na wakagundua kwamba mabati ya Siwatu yalikuwa yanalichubua tawi. Mmoja wao, mwenye shati la kitenge, alisikitika sana. Alimuuliza Siwatu kama hana utu.

Hivyo Chogo akaitwa, safari hii na serikali. Alikuja mbio, amevaa shati safi, ngazi begani, akiamini kwamba akili zimewarudia. Siwatu alimwona kutoka jikoni na moyo ukamruka. Kisha akamwona Bwana Pantaleo akimwelekeza kwa kidole, na kidole hakikuelekea mtini.

Chogo alikuja mlangoni ameinamisha kichwa.

"Nisamehe, bi mkubwa. Nimeambiwa nipogoe nyumba."

"Nyumba?"

"Paa lote lililo juu ya kitanda. Linasumbua tawi."

Alipanda, akang'oa misumari, akashusha bati moja moja. Mwanga ukamwagika juu ya Kibwana, naye akafumba macho.

"Fundi," aliita kutoka chini, "niachie bati la upande wa kushoto. Upande wa kulia hausikii baridi."

Chogo hakumwachia, hakuruhusiwa. Lakini alipokuwa juu ya ngazi aliuona ufa kwa karibu. Ulikuwa umefunguka kiasi cha kuingiza mkono, na ndani mti ulikuwa mweusi. Aliangalia huku na huku. Kisha akaichukua kamba yake ya katani, akaizungusha kwenye tawi, akaipandisha hadi kwenye shina la juu, akaikaza kwa fundo alilofundishwa na baba yake.

"Unafanya nini huko?" askari aliuliza.

"Naupamba kwa sikukuu ya taifa. Hii ni tai."

Askari akapiga saluti.

Tai ilishika vizuri. Upepo ulikuja ukaondoka, na tawi halikutikisika. Siwatu alitandika turubai juu ya kitanda, askari akalitoa kwa kuwa lilificha mandhari, naye akakubali, maana kila alipoinua macho aliiona ile kamba na kupata pumzi. Mvua ikinyesha alikaa kitandani akimfunika mumewe kwa mgongo wake. Kibwana alimwambia kwamba katika miaka yote ya ndoa yao hajawahi kukumbatiwa hivyo, na laiti angejua angeomba paa liondolewe mapema.

Kisha Bwana Pantaleo akaja kukagua maandalizi ya sikukuu. Aliinua macho.

"Nani amemtia Mlezi Mkuu kitanzi?"

"Ni tai, Mheshimiwa," askari alisema.

"Tai haifungwi kwa juu! Kinachofungwa kwa juu ni kitanzi!"

Siwatu alitoka mbio, kanga ikamdondoka, akapiga magoti mbele ya viatu vyake. "Mheshimiwa Katibu, kamba hiyo ndiyo inayolishikilia. Ikitoka litaanguka. Nakuomba kwa jina la mama yako. Nipelekeni mimi mnakotaka, kamba ibaki."

Inawezekana kabisa kwamba Bwana Pantaleo alimwamini. Aliutazama ufa, akamtazama mgonjwa kitandani. Lakini nyuma yake walikuwepo watu wa usalama waliokuja na gari la pili, nao walikuwa wanamtazama yeye.

"Mlezi Mkuu," alisema kwa sauti ya kusikika garini, "hashikiliwi na kamba."

Chogo aliletwa akapandishwa ngazi, akaifungua kwa mikono yake mwenyewe. Alipofika chini walimchukua kwenda kuwasaidia wapelelezi. Baada ya siku chache alirudishwa. Siwatu alipompa chai aliona kwamba Chogo sasa hushika kikombe kwa viganja viwili, kama mtu anayenawa uso, na kwamba vidole havikunjiki.

Tawi lilianguka mchana kweupe, hewa ikiwa imetulia. Siwatu alikuwa jikoni akigeuza vitumbua. Kibwana alimwita: "Siwatu! Njoo na chai. Huyu mwenzetu leo kanyamaza kabisa." Siwatu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ule ufa, akainua birika. Ukasikika mlio mfupi, mkavu. Ardhi ikaruka chini ya miguu yake.

Alipoingia chumbani, miguu ya kitanda bado ilikuwa ndani ya maduara ya chaki.

Alasiri hiyo redio ya taifa ilikatiza muziki. Mtangazaji, kwa sauti nzito, alitangaza kwamba tawi la Mlezi Mkuu limefariki ghafla likiwa kazini baada ya kugongana na mwananchi. Wataalamu walirudi, safari hii wakasogea karibu, wakatamka kwamba tawi lisingevunjika kama lisingekutana na kitu kigumu, na kwa kuwa godoro lilikuwa la sufi, kitu kigumu kilikuwa marehemu Kibwana. Serikali, kwa ubinadamu wake, ikasema haitamshitaki.

Kibwana alioshwa, akavikwa sanda, akalazwa mkekani. Wanaume walikwenda msikitini kuleta jeneza, wakarudi mikono mitupu, wakiongozwa na sheikh ambaye hakujua atazame wapi.

"Jeneza limechukuliwa, binti yangu," alimwambia Siwatu.

"Na nani? Mtaani kuna msiba mwingine?"

"Upo," alisema sheikh. "Wa tawi."

Jeneza la msikiti wa Kisimani lilikuwa moja, la mbao za mvule, na lilikuwa limembeba kila aliyekufa mtaani tangu babu zao. Sasa lilikuwa limewekwa uwanjani chini ya bendera, na tatizo lilikuwa kwamba tawi halikuenea. Lilizidi mbele, likazidi nyuma. Bwana Pantaleo alihangaika, jasho likimtoka, mpaka mtu mmoja akamkumbusha kwamba mtaani yupo fundi.

Chogo akaletwa na msumeno wake. Siwatu alimwona akipita. Aliinuka mkekani, na wanawake wakamshika, akawaponyoka. Alikwenda mpaka uwanjani, mwanamke yule asiyejua kubishana.

"Mlisema halikatwi," alisema.

"Mama, leo ni siku ya huzuni," alisema Bwana Pantaleo.

"Mlisema ni mkono."

"Likiwa hai halikatwi. Hili ni marehemu." Akapangusa macho, na machozi yalikuwa ya kweli. "Marehemu hukatwa kwa heshima."

Chogo hakuweza kuushika msumeno, hivyo askari aliufunga mkononi mwake kwa kamba ya bendera. Akakata huku, akakata kule. Kazi nzima haikufika muda wa chai kupoa kikombeni. Siwatu alisimama akaisikiliza mpaka mwisho. Vumbi la mbao lilimpata usoni, na lilinukia dawa ya kikohozi.

Tawi lilizikwa kwa mizinga. Wananchi walitakiwa walie, na waliolia sana walionyeshwa kwenye televisheni. Jeneza lilizikwa pamoja na tawi, kwani lilikuwa limeshafungwa kwa misumari ya shaba. Kibwana alisubiri mkekani mpaka kesho yake, kwenye joto lile, Siwatu akimfukuzia nzi kwa upepeo. Hatimaye majirani wakambeba juu ya kitanda chake kilichovunjika, wanne wakishika pembe, wawili wakizuia katikati. Safari hiyo hakutania mtu. Mama Chaku alitembea nyuma akisema peke yake, "Taratibu jamani, taratibu," mpaka sheikh akamwomba anyamaze, na hakunyamaza.

Baada ya arobaini Mlezi Mkuu mwenyewe akaja kutoa pole. Alikuja na magari marefu, akashuka, akaingia katika chumba kisicho na paa. Siwatu alikuwa amepewa birika na taulo jeupe.

"Wewe ndiye mfiwa?" Mlezi Mkuu aliuliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Pole sana. Lilikuwa tawi zuri."

Kisha akafanya lile ambalo viongozi wa nchi hiyo hufanya kila wanapozuru mahali. Shimo lilikuwa limechimbwa tayari, katikati ya sakafu, baina ya maduara manne ya chaki ambayo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyafuta. Jembe lilifungwa utepe. Mche ulikuwa wa mkaratusi, wenye majani manane laini ya rangi ya maziwa. Mlezi Mkuu akautia shimoni, watu wakapiga makofi, Siwatu akammiminia maji, naye akanawa.

Bwana Pantaleo alisoma hotuba. Alisema kwamba kwa kuwa mche huu umepandwa na Mlezi Mkuu akiwa tayari Mlezi Mkuu, umezaliwa na cheo chote, hautangoja kukua. Alisema pia kwamba mjane ameteuliwa kuwa Mnyweshaji wa Taifa, heshima isiyo na kifani, na kwamba mche ukifa kwa kiu mnyweshaji ataufuata. Watu wakapiga makofi tena.

Magari yalipoondoka, Mama Chaku aliusogelea mche. Aliutazama, kisha akaitazama nyumba yake ng'ambo ya uchochoro, na dirisha ambalo nyuma yake mjukuu alikuwa analia.

"Hivi huu," aliuliza kwa sauti ndogo, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kinywani mwake, "utapanukia upande gani?"

Siwatu aliingia jikoni, akainua sufuria kubwa, lile alilochemshia maji ya kumwoshea Kibwana, akaliteleka juu ya mafiga. Mama Chaku akaona. Akaenda kwake, akarudi na mzigo wa kuni, akautua. Baada yake akaja mke wa sheikh na kuni zake. Akaja Chogo, amekumbatia makumbi kwa mikono yake isiyokunjika. Hakuna aliyemuuliza mwenzake chochote. Moto ukawaka vizuri.

Jua lilipopungua, Siwatu alitoka na ndoo. Askari alimsimamisha.

"Mbona maji yanafuka moshi?"

"Ni mtoto mchanga, baba. Maji ya baridi yatamdhuru."

Askari alifikiri, akaona ni kweli, akapiga saluti.

Siwatu alipiga magoti baina ya maduara ya chaki. Majani manane yalitikisika kidogo, ingawa hakukuwa na upepo. Aliyagusa kwa ncha ya kidole jinsi mtu anavyogusa sikio la mtoto, na machozi yakamjia, maana mche ulikuwa mzuri, na ulikuwa haujui kitu.

"Nisamehe," aliunong'onezea. "Wewe hujamkosea mtu. Bado."

Akainamisha ndoo.